Rangi ya aluminiamu haikai juu, inakaa ndani: anodaizi ya nyumbani ikoje hasa

Zile klipu za kwenye simu zimewachanganya watu wengi. Jamaa anatumbukiza kipande cha aluminiamu kwenye ndoo ya asidi, anaunganisha waya, baadaye anakitoa anakichovya kwenye rangi na kipande kinatoka chekundu kinang'aa au bluu iliyokolea, video imeisha. Na Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anataka levi zake za breki ziwe hivyo, habu ziwe hivyo, hata kofia ya valvu iwe hivyo. Sasa ukikaa kijiweni Ngamiani ukisikiliza maelezo yanayofuata ndo shida inapoanzia: mmoja anasema ile ni rangi ya kupuliza imechomwa kwenye oveni, mwingine anasema asidi ndo inashikisha rangi, mwingine anasema ukiwa na betri ya pikipiki na tindikali umemaliza kazi, alafu kijana wa watu anaenda kununua tindikali na hajui anaenda kufanya nini nayo. Hilo la mwisho ndo linaniuma, maana kitu chenyewe kinaeleweka kabisa, sio uchawi na hakihitaji digrii, ila kinataka uelewe kwanza kabla hujashika ndoo.

Tuanze na maneno. Kupiga anodaizi ni kutumia umeme kuikuza ngozi ambayo aluminiamu inayo tayari. Nasema inayo tayari kwa sababu aluminiamu yoyote unayoiona, ya dirisha, ya sufuria, ya rimu, haijawahi kukuonyesha uso wake halisi. Ukiikwangua ikang'aa, hapo hapo inakutana na oksijeni ya hewani na inajifunika na utando mwembamba sana unaoitwa oksidi ya aluminiamu. Utando huo una unene wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni moja za milimita, lakini umeshikamana na aluminiamu yenyewe vizuri na hauachi hewa ipite tena. Ndo maana geti la chuma kule Raskazone linaliwa na chumvi ya bahari mpaka linatoboka na fremu ya aluminiamu ya nyumba hiyo hiyo bado imesimama. Kutu ya chuma inamenyuka na kuanguka, inafungua njia kwa kutu nyingine. Oksidi ya aluminiamu haimenyuki, inafunga mlango.

Na hiyo oksidi sio kitu dhaifu. Zile safaya na rubi zinazochimbwa bonde la Umba, huku huku mkoani kwetu karibu na mpaka wa Kenya, zimejengwa na vitu hivyo hivyo viwili, aluminiamu na oksijeni, tofauti ni kwamba kwenye jiwe vimejipanga safu kwa safu kwa mpangilio wa fuwele na vimebeba chembe kidogo za madini mengine zinazolipa rangi. Kwa hiyo ngozi ya aluminiamu ni ngumu kuliko aluminiamu yenyewe, kwa mbali sana. Shida yake ni moja tu, ni nyembamba mno. Anodaizi inachofanya ni kuichukua hiyo ngozi ya nanomita chache na kuikuza mpaka maikroni 5, 10, hata 25, na milimita moja ina maikroni 1000. Bado ni nyembamba kwa macho yetu ila ni maelfu ya mara ukilinganisha na ya asili.

Kitu hiki sio kigeni wala sio cha juzi. Waingereza walianza kukitumia viwandani mwaka 1923, na sababu yao ingemgusa mtu yeyote wa pwani: walikuwa na ndege za kutua majini na maji ya bahari yalikuwa yanazila. Njia ya mwanzo ilitumia asidi ya kromiki, ambayo ni sumu mbaya, usiiguse na usiitafute. Mwaka 1927 ikaja njia ya asidi ya salfa, na hiyo ndo inayotumika sana mpaka leo, na ndo hiyo watu wanaiiga nyumbani kwa sababu asidi ya salfa ndo ile ile ya betri.

Sasa ndani ya ndoo kunatokea nini. Una maji yaliyochanganywa na asidi, na umening'iniza vitu viwili ambavyo havigusani. Kipande chako unakiunganisha kwenye pozitivu, waya mwekundu. Upande wa negativu unaweka bamba la aluminiamu tupu, wengine wanaweka risasi (ledi), mimi nasema kaa na aluminiamu maana risasi ni sumu na aluminiamu inafanya kazi vizuri tu. Ukiwasha umeme, upande wa negativu unaona mapovu mengi, hiyo ni haidrojeni. Upande wa kipande chako oksijeni inayotoka kwenye maji inaikuta aluminiamu pale pale usoni na zinaungana, oksidi inaota. Inaota kutoka kwenye aluminiamu yenyewe, sehemu inaingia ndani na sehemu inanyanyuka nje. Ukikosea ukageuza waya hupati ngozi, unapata mapovu tu.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri kuliko kwingine kote, kwa sababu makosa karibu yote ya nyumbani yanatokea hapa. Oksidi haipitishi umeme. Kwa hiyo ingekuwa inaota tu bila kitu kingine, ingejifunga yenyewe baada ya muda mfupi, umeme ungekatika na ungebaki na ngozi nyembamba isiyoshika rangi. Asidi ndo inayozuia hilo. Wakati umeme unajenga, asidi inayeyusha kidogo kidogo, na inayeyusha zaidi sehemu fulani fulani, inachimba vishimo vidogo mno vinavyosimama wima, na umeme unapita kwenye vile vishimo kwenda kujenga chini. Kwa hiyo ni mashindano, huyu anajenga huyu anabomoa, na wewe kazi yako ni kuhakikisha anayejenga anashinda ila asishinde kwa kumuua mwenzake. Matokeo yake ukiyatazama kwa darubini ya elektroni yanafanana na sega la nyuki: vyumba vingi vimesimama wima bega kwa bega, chini vimeziba juu viko wazi, vingi vina pande sita kabisa. Na mfano huo unatusaidia mpaka mwisho wa kazi, kwa sababu rangi itaingia kwenye vile vyumba kama asali na mwisho kabisa kila chumba kitawekewa kifuniko. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema rangi ya anodaizi inabanduka jua hajaielewa. Hakuna cha kubanduka, rangi iko ndani ya vyumba na vyumba vimeota kwenye aluminiamu yenyewe.

Na hapo hapo unaona kwa nini wale wanaosema asidi inashikisha rangi wamekosea, na wanaosema asidi inakula tu aluminiamu nao wamepata nusu. Asidi bila umeme inakula. Umeme bila asidi ya kutosha unajifunga. Viwili pamoja kwa kipimo ndo vinatoa sega.

Kipimo kinachowashinda wengi hapa kwetu ni joto. Vitabu vinasema mchanganyiko ukae kwenye nyuzi 18 mpaka 22 hivi. Sasa Tanga mwezi wa pili, kaskazi imepoa, maji yaliyokaa uani tu yanaweza kuwa nyuzi 30, hujawasha chochote. Ukiwasha umeme yanazidi kupanda yenyewe, kwa sababu umeme unapopita kwenye maji unayapasha. Asidi ikipata moto inabomoa haraka kuliko umeme unavyojenga, kuta za vyumba zinakuwa nyembamba, midomo inapanuka, na unatoa kipande kina ungaunga mweupe ukipitisha kidole unabaki nao. Kijana anasema asidi mbovu. Asidi haina kosa, ni joto. Watu wa nchi za baridi wanaotengeneza hizo video hawalizungumzii sana hili kwa sababu kwao karakana yenyewe ina nyuzi 18, kwa hiyo ukiiga video neno kwa neno umeshaachwa na hatua moja ambayo kwako ndo muhimu kuliko zote.

Dawa yake ni barafu, na kwenye mji wa wavuvi barafu sio shida, pale soko la samaki Deep Sea inapatikana. Lakini barafu haingii ndani ya asidi hata kipande. Ndoo ya asidi unaiweka ndani ya beseni kubwa, barafu na maji vinakaa kwenye beseni kwa nje, na kipimajoto kinakaa ndani. Ukiweza fanya usiku wa mwezi wa saba wakati kusi inavuma, nusu ya kazi utakuwa umesaidiwa.

Jambo la pili la pwani ni maji. Visima vyetu vingi vina chumvi, hata usipoisikia sana mdomoni, na chumvi ndani ya huo mchanganyiko ni adui mkubwa kwa sababu kloridi iliyo kwenye chumvi inatoboa aluminiamu matundu matundu badala ya kuiacha iote ngozi. Kwa hiyo maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri, sio ya kisima na sio ya bomba. Na ndo maana pia barafu inakaa nje, hujui imetengenezwa kwa maji gani na imelala na samaki gani.

Asidi yenyewe. Ile mpya ya kujazia betri inakuwa na nguvu ya kama asilimia 37 kwa uzito. Ukichukua lita moja ya hiyo na lita moja ya maji safi unapata mchanganyiko wa karibu asilimia 20, na kazi hii inataka kati ya asilimia 15 na 20, kwa hiyo uko pazuri, na ukizidisha maji kidogo haiharibiki. Unatangulia kuweka maji kwenye ndoo ya plastiki, alafu unamimina asidi pole pole kwenye maji huku unakoroga kwa kijiti cha plastiki. Usigeuze. Ukimwaga maji juu ya asidi joto linafumka ghafla na inaruka usoni, na jicho la mtu halina spea. Miwani ya kufunika macho pande zote, glavu za mpira ndefu, viatu vya kufunika, na ndoo ya maji mengi pembeni ya kujimwagia ikitokea. Asidi ya betri zilizokufa usiitumie, najua inatolewa bure, lakini imebeba risasi iliyoyeyuka na hutaki risasi kwenye mikono yako wala kwenye uwanja ambao watoto wanachezea. Na unaponunua hakikisha umepewa asidi na sio yale maji ya kuongezea, maana chupa zinafanana na watu wameshachanganya huku na huku.

Kazi ifanyike uani au kibarazani penye upepo. Jikoni hapana, chumbani hapana. Ile haidrojeni inashika moto, kwa hiyo jiko la mkaa na sigara vikae mbali, na mapovu yanapopasuka yanarusha ukungu mwembamba wa asidi ambao ukiuvuta unawasha kifua na ukiziangukia nguo zilizoanikwa utayaona matundu baada ya kufua.

Umeme sasa. Watu wanauliza volti ngapi, na swali zuri zaidi ni ampea ngapi kwa ukubwa gani. Ngozi inaota kulingana na ampea zinazogawanywa kwenye eneo la uso wa kipande, kwa hiyo unapima eneo kwanza. Chukua kifuniko cha duara chenye upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Uso wa juu na wa chini na ule wa kuzunguka ukijumlisha unapata sentimita za mraba 55 hivi. Kipimo cha kawaida ni kama ampea 1.3 kwa kila sentimita za mraba 100, kwa hiyo kifuniko hicho kinataka karibu ampea 0.7. Ukikiacha dakika 45 kwa kipimo hicho unapata ngozi ya maikroni karibu 19, na hiyo inashika rangi vizuri, hata nyeusi ambayo ndo inayotaka ngozi nene kuliko rangi zote. Volti zitajipanga kati ya 12 na 18 hivi. Chaja ya simu ya volti 5 haitoshi. Betri ya gari inaweza kufanya kazi ila haina wa kuizuia, inamwaga ampea inavyotaka, kipande kidogo kinaungua pembeni pembeni. Kile kifaa cha mafundi redio cha kurekebisha volti na ampea ndo bora, unakifunga kwenye 0.7 na unakiangalia.

Na kukiangalia kwenyewe kuna maana. Kipande kinashikwa na waya, na waya lazima uwe wa aluminiamu, au titani kama unaipata. Shaba hapana na chuma hapana, vikigusa asidi vikiwa upande wa pozitivu vinayeyuka, umeme wote unakimbilia huko na kipande chako hakipati kitu, na mchanganyiko umeuharibu. Waya wa aluminiamu nao unaota ngozi, na ngozi haipitishi umeme, kwa hiyo kama umeuzungusha tu kwa kulegea, ngozi inaota hata pale unapogusana na kipande na mlango unafungwa. Utaiona kwenye mita: ampea zilikuwa 0.7, zinashuka 0.5, zinashuka 0.2, baadaye sifuri, na kwenye ndoo hamna dalili yoyote, kipande kimetulia kama kilivyokuwa. Aliyewasha akaenda kunywa chai anarudi baada ya dakika 45 anakitia kwenye rangi, rangi inakataa. Ubane waya kwenye tundu mpaka ung'ang'ane, au tengeneza skrubu ya aluminiamu iingie kwenye uzi wa kipande ikazwe. Pale panapobanwa patabaki na alama isiyo na rangi, hakuna namna, kwa hiyo chagua sehemu isiyoonekana. Umeme ukikatika katikati ya kazi toa kipande ukisuuze, usikiache humo ndani kuliwa.

Kuna kipimo kimoja kizuri sana cha kujua kama umefanikiwa kabla hujapoteza rangi. Kisuuze, kikaushe, chukua testa, iweke kwenye ile ya kulia, gusisha ncha mbili kwenye uso wa kipande taratibu bila kukwaruza. Aluminiamu tupu inalia. Iliyoota ngozi inanyamaza, unasogeza ncha huku unasogeza kule, kimya, na hapo ndo unajua sega lipo.

Kabla ya yote hayo kuna usafi, na nimeuchelewesha makusudi kwa sababu ukishaelewa vyumba unaelewa usafi bila kulazimishwa. Mafuta ya kidole yanatosha kuzuia ngozi na rangi, utaona alama ya dole gumba imebaki hapo milele. Unasugua kwa msasa kadiri unavyotaka king'ae, maana anodaizi haifichi mikwaruzo, alafu unaosha kwa sabuni na brashi, na kuanzia hapo unashika kwa glavu. Mwagia maji safi: yakitandaza uso mzima kwa pamoja ni kisafi, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta. Wengine wanakichovya kidogo kwenye kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni, inatoa ile ngozi ya asili na kuacha uso usiong'aa sana, dakika moja au mbili zinatosha. Kostiki nayo ni hatari kwa macho sawa sawa na asidi, wengi wanaidharau kwa kuwa wameizoea.

Je, aluminiamu yoyote inakubali? Hapana, na hili halitegemei ufundi wako. Aluminiamu ya dukani karibu yote imechanganywa na vitu vingine. Ile ya fremu za madirisha, ambayo kwa namba inaitwa 6063, ni nzuri sana, na vipande vyake vinabaki kwa mafundi kila siku, kwa hiyo anza kujifunzia hapo, ukumbuke tu vingi vimeshapigwa anodaizi au rangi ya unga kiwandani, lazima uitoe yote kwanza. Namba 6061 nayo nzuri, inatumika sana kwenye vipande vya baiskeli. Aluminiamu ya kumimina kwenye kalibu, kama mifuniko ya injini ya pikipiki, imejaa silikoni, na silikoni haioti ngozi, kwa hiyo unapata kijivu chenye mabaka hata ufanye kila kitu sawa. Na sufuria zile za kuyeyusha skrepa ndo kabisa, ndani yake kuna mchanganyiko wa kila kitu. Kuhusu hizo sufuria kuna jambo zito kuliko rangi: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo kutoka Cameroon ulikuta risasi inaweza kutoka na kuingia kwenye chakula. Sufuria za anodaizi za kiwandani ni kitu kingine, zimetengenezwa kwa aluminiamu inayojulikana na hazitiwi rangi ya kienyeji. Kwa hiyo sufuria, kijiko, kikombe, chochote cha mdomoni, usikipeleke kwenye ndoo yako ya uani.

Na chuma cha kawaida? Hakikubali, ukikiweka pozitivu kwenye asidi kinayeyuka tu. Titani inakubali ila rangi zake zinakuja kwa njia nyingine kabisa, hazihitaji rangi ya kuchovya, unene wa ngozi yenyewe unacheza na mwanga. Ndo maana ukiona boliti la titani lina bluu na zambarau zinazohama hama usidhani ni kazi ile ile.

Rangi ndo sehemu watu wanayoifikiria kwanza na ndo nyepesi kuliko zote. Kipande kimetoka kwenye asidi, umekisuuza vizuri sana, hujakigusa kwa mkono, hakijakaa mpaka vumbi na hewa vikaanza kuziba midomo. Unakichovya kwenye maji ya rangi yenye joto la nyuzi 50 mpaka 60. Chini ya hapo inaingia taratibu, na ukipandisha sana karibu na kuchemka midomo inaanza kufunga kabla rangi haijajaa. Dakika 5 unapata rangi nyepesi, 15 unapata iliyokolea. Kuna rangi maalumu za kazi hii zinazoagizwa, na hizo ndo za kuaminika. Baadhi ya rangi za nguo nazo zinashika, nyingine hazishiki hata kidogo, na kwa hizi za madukani za kutia nguo na miyaa ya mikeka njia ni moja tu, jaribu kwenye kipande cha fremu kwanza. Rangi za chakula zinaingia lakini jua linazimaliza haraka. Jua letu hili sio la mchezo, nyeusi ya bei rahisi inaanza kugeuka zambarau na nyekundu inapauka ikawa waridi. Zile fremu za kahawia unazoziona zimekaa miaka na hazibadiliki, nyingi hazikuchovywa rangi ya aina hii, kiwandani wameingiza chumvi ya bati kwa umeme ikajaa chini kabisa ya vyumba, na madini hayafi kwa jua. Ile ya dhahabu nayo, kwa anayeuliza, haina dhahabu ndani.

Alafu kifuniko. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu kipande tayari kinapendeza, na ndo maana unaona rangi inaachia kwenye jasho la mkono baada ya wiki. Unakichemsha kwenye maji safi, yale yale ya kuongezea betri, yawe karibu yanachemka kwa dakika 30 au zaidi kidogo. Maji ya moto yanaingia kwenye oksidi, inavimba, na midomo ya vyumba inajifunga yenyewe kwa kuta zake, rangi imefungiwa ndani. Rangi kidogo itatoka kwenye maji ya kuchemshia, ni kawaida. Ukishafunga huwezi kuongeza rangi wala kurekebisha, ukitaka kubadilisha ni kuivua yote kwa kostiki na kuanza upya, na kila ukivua kipande kinapungua, kwa hiyo sehemu zenye uzi au zinazobana kwa kipimo usizirudierudie.

Ngozi hiyo ni ngumu ila haimaanishi kipande hakiharibiki. Chini yake kuna aluminiamu laini, ukigonga kwa nyundo panabonyea na ngozi inapasuka. Adui yake mkubwa kwa matumizi ya nyumbani ni vitu vya jamii ya kostiki, na hapa naomba mafundi nyumba wasikie: saruji na chokaa mbichi ni vya jamii hiyo. Lipu ikirukia fremu ya anodaizi ikaachwa ikauka, ukiitoa unakuta doa jeupe ambalo halisuguliki, ngozi imeshaliwa. Funika fremu kabla ya kupiga lipu, na ikirukia ioshe hapo hapo ikiwa mbichi. Mji wenye saruji na chokaa kama huu, madirisha mangapi mapya yana madoa hayo na mwenye nyumba anaambiwa aluminiamu ni feki. Majivu ya kusugulia vyombo nayo yana tabia hiyo hiyo.

Ukimaliza, mchanganyiko wa asidi hautupwi, unatumika tena na tena. Unaurudisha kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, unaandika juu yake kwa maandishi makubwa TINDIKALI, na unalifungia mahali ambapo mtoto hafiki. Kamwe isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya juisi, hata kwa dakika tano. Siku ukiichoka usiimwage mtaroni ikaelekea baharini wala chooni, na usiikutanishe na jiki kwa namna yoyote kwa sababu inatoka gesi ya klorini inayoua. Imimine pole pole kwenye maji mengine, kwa utaratibu ule ule wa asidi kwenda kwenye maji, alafu weka magadi kidogo kidogo. Itatoa povu kali. Subiri litulie, weka tena, mpaka ukiweka magadi hayatoi povu. Maji ya kusuuzia yatibu hivyo hivyo, maana nayo yana asidi.